Pampu ya sola inayoelea: inaita ndege bustanini, ila si jinsi inavyotoka kwenye boksi

Ni kile kisahani cheusi chenye paneli juu na pampu chini yake. Unakitua kwenye beseni la maji, jua likipiga kinaanza kurusha maji bila waya wala swichi. Vingi ni vya wati 1 hadi 3, na boksi huahidi mambo matatu: ndege watakuja, mbu watatoweka, na wewe hutakuwa na kazi yoyote. Tunakipa alama 3 kati ya 5. Ndege watakuja, lakini ukikirekebisha kwanza. Habari ya mbu ni nusu kweli, na kazi ipo.

Faida yake kubwa ni maji kutikisika. Beseni lililotulia ndege huligundua akipita juu yake tu, ila maji yanayocheza humeta na kutoa sauti, hata aliyejificha kichakani akajua yapo. Na maji huleta wageni ambao punje hazitawaleta kamwe: wale wanaoishi kwa wadudu, matunda au asali ya maua. Kwa hilo pekee kifaa kinastahili nafasi bustanini.

Shida inaanzia kwenye vichwa vya kunyunyizia. Boksi huwa na kadhaa, na kile cha tundu moja kinachorusha maji juu kabisa ndicho kinachopigwa picha ya tangazo. Kwa ndege ndicho kibaya kuliko vyote. Ndege mdogo hapendi kupigwa na maji mgongoni bila kutarajia, na upepo kidogo tu hutupa maji yote nje. Beseni la lita 5 linaweza kukauka kabla ya jioni, na hapo ndipo pampu inapokufa, maana maji yale yale inayosukuma ndiyo yanayoipoza. Ikivuta hewa inapata moto na kuungua. Baadhi hujizima zenyewe maji yakiisha. Kama boksi halitaji hilo, chukulia haijizimi.

Kwa hiyo funga kichwa kinachotandaza maji kama mwavuli mdogo, au usifunge chochote uache maji yabubujike sentimita 3 au 4 tu juu ya kisahani. Kipimo kizuri: urefu wa maji usizidi nusu ya umbali kutoka kwenye mrija hadi ukingoni. Beseni la upana wa sentimita 50 lina sentimita 25 kila upande, basi maji yasipande zaidi ya 12. Pia kizuie kisitembee. Kikiachwa huru, kisahani husukumwa hadi ukingoni na kumwaga maji nje mfululizo. Vile vimikono vya plastiki vinavyokuja nacho husaidia kwenye beseni kubwa. Kwenye dogo, mawe matatu kukizunguka yanatosha.

Mawe hayo yana kazi nyingine, nayo ndiyo muhimu kuliko yote hapa. Pampu inahitaji maji ya sentimita 5 hivi chini yake ili isivute hewa, ilhali ndege wengi wa bustani huoga kwenye sentimita 2 hadi 5. Beseni lenye kuta wima na sakafu laini, hata pampu iwe nzuri namna gani, watalitazama tu. Jaza kokoto kubwa kuanzia ukingoni ukishuka taratibu kuelekea katikati, uache shimo la pampu peke yake. Ukingoni maji yafike sentimita 2, na mawe mawili matatu yachomoze juu ya maji. Tumia mawe yenye ngozi ya kukwaruza, si ya kuteleza. Shomoro atatua kwenye jiwe lililo kavu, anywe kwa kuchota na kuinua kichwa, kisha ashuke hatua moja moja hadi maji yamfikie tumboni ndipo aanze kujitikisa. Njiwa hana subira hiyo: anazamisha mdomo na kunyonya bila kuinua kichwa, hivyo anahitaji pahali penye kina kilichozidi kidogo, karibu na katikati.

Kasoro ambayo hakuna marekebisho yatakayoiondoa ni hii: paneli imegandamana na pampu. Paneli inataka jua kali, lakini maji ya ndege yanafaa kuwa kivulini kwa sehemu ya siku, la sivyo yanapata joto, yanakauka na kuota ukijani upesi. Tena ndege huja majini hata asubuhi na jioni, saa ambazo jua ni dhaifu na kisahani kimezubaa. Wingu likipita, kinazima. Juu ya hayo, ndege hutua kwenye paneli na kuacha kinyesi, na doa moja likifunika seli moja hupunguza nguvu ya paneli nzima. Ifute kila unapobadilisha maji.

Kuhusu mbu: maji yakitikisika mbu hataki kutaga humo, hiyo ni kweli. Lakini pampu isiyo na betri hulala usiku, na mbu wengi hutaga usiku. Kwenye joto, yai hufika kuwa mbu mzima ndani ya wiki moja hivi. Mwaga maji yote kila baada ya siku 2 au 3 na usugue kuta kwa brashi, kwa sababu kuna mbu wanaobandika mayai juu kidogo ya usawa wa maji, na kumwaga peke yake hakuyatoi. Mara moja kwa wiki osha kwa siki sehemu 1 na maji sehemu 9, kisha suuza vizuri. Usafi huu ni kwa ajili ya ndege pia, maana beseni chafu hueneza magonjwa kutoka kwa mmoja hadi kundi zima. Usitie mafuta, dawa wala sabuni kwenye maji yao.

Pampu ikidhoofika, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi sifongo ya mdomoni imeziba kwa ukijani na manyoya. Itoe uioshe, fungua kifuniko cha chini, chomoa kile kipangaboi kidogo na uondoe nywele zilizojizungusha. Maji yako yakiwa na chokaa, loweka pampu kwenye siki nusu saa.

Mwenye uwezo wa kuongeza kidogo achukue aina ya pili, yenye paneli ya pembeni, waya wa mita 3 hivi na betri. Paneli inakaa juani, beseni linakaa kivulini, na maji yanabubujika hata alfajiri. Hiyo tungeipa 4. Hakikisha pampu inachomoka kwenye waya wa paneli, maana pampu hufa kwanza na hutataka kutupa vyote.

Asiyetaka kununua chochote atundike chupa ya lita 5 sentimita 50 juu ya beseni, aitoboe chini kwa sindano, na kurekebisha matone kwa kulegeza au kukaza kifuniko. Matone 30 kwa dakika ni takriban lita 2 kwa siku nzima, kwa hiyo chupa inadumu siku 2 na zaidi. Tone liangukie penye kina, kwa sababu kwenye jiwe halisikiki. Kwa bustani ndogo, chupa hii inashindana na kisahani bila aibu.

Chochote utakachochagua, kiweke mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka: karibu kiasi cha ndege aliyelowa kuweza kukimbilia, mbali kiasi cha paka kutoweza kuvizia.