Sensa Nne kwa Miezi Mitano: Uzoefu Wangu na Mashine ya Kujaza Maji, Njiro

Ninasimamia matengenezo katika kiwanda kidogo cha maji ya chupa hapa Njiro, Arusha, na kwa miezi mitano mashine yetu ya kujaza ilinisumbua kwa hitilafu ile ile. Sensa, yaani kifaa cha kielektroniki cha kuhisi, inayohesabu meno ya gurudumu la kugawa chupa ilikuwa ikikata ghafla, mashine inasimama, na vijana wa zamu wanabaki na chupa zilizojaa nusu. Ni sensa ya kutambua chuma, ya kipenyo cha milimita 18, inayotumia umeme wa volti 24. Muuzaji wetu, kila niliporudi dukani, alinieleza kwamba niliyochukua ni ya bei nafuu, hivyo nipande daraja. Nilimsikiliza mara tatu. Sensa ya nne, yenye alama ya IP67 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), haikumaliza wiki mbili.

Ndipo nikamwita fundi wa mitambo kutoka Moshi, na huduma yake ndiyo ninayoiandikia haya. Kabla ya kugusa mashine aliomba sensa zote nilizozitoa, ambazo nilikuwa nimezihifadhi kwenye droo, akaziunganisha mezani moja baada ya nyingine kwa kebo yake mwenyewe: waya wa kahawia kwenye chanya, wa bluu kwenye hasi, na mita kwenye ule mweusi wa ishara. Aliposogeza kipande cha chuma, tatu kati ya nne ziliwasha taa yake ndogo ya njano na mita ikasoma karibu volti 24. Niliumia sana, kwa sababu fedha ya kiwanda ilikuwa imebadilisha vifaa vizima.

Ugonjwa ulikuwa kwenye plagi ya kebo. Matundu mawili kati ya manne yalikuwa na ukoko wa kijani, mpira wa kuzuia maji haukuwepo, na tone la maji lilikuwa limetulia ndani. IP67 huhimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, lakini sharti plagi iwe imekazwa na mpira wake uwepo. Sisi tulikuwa tukiosha mashine ikiwa bado na joto, na maji baridi yalipoifikia, hewa ya ndani ilisinyaa ikavuta unyevu. Kila nilipobadilisha sensa, kule kuchomoa na kuchomeka kulikwangua ukoko, mashine ikafanya kazi siku kadhaa, nami nikaamini kwamba sensa mpya ndiyo dawa.

Sensa iliyobaki ilikuwa imepasuka uso kwa kugongwa na meno. Umbali wa kutambua chuma, milimita 8, ulioandikwa kwenye karatasi yake hupimwa kwa chuma cha kawaida, na kwa chuma kisichoshika kutu, kama gurudumu letu, hupungua. Nilipoona inaruka hesabu niliisogeza karibu mno. Fundi aliweka sensa nzima umbali wa milimita 4 kutoka kwenye meno, akafunga kebo mpya mbali na nyaya za mota, akaiacha ining'inie kidogo kabla ya plagi ili maji yadondokee chini.

Alichelewa siku mbili na hakuacha taarifa ya maandishi, jambo ambalo kiwanda chochote kinapaswa kulidai. Hata hivyo ningemwita tena kesho. Sensa iliyofungwa sasa ni ile ya kwanza kabisa niliyoitoa, ya bei nafuu, na haijakata tangu siku hiyo.