Miaka sita na blogu yangu ya WordPress: wasomaji kiduchu, kazi zipo

Nianze na namba maana najua ndo mnachotaka kwanza. Jana nimefungua takwimu za blogu yangu: watu kumi na mmoja. Siku nzima, kumi na mmoja, na wawili kati yao naapa ni mimi mwenyewe nilikua naangalia kwenye simu kama picha zimekaa sawa. Kwa hiyo kama unatafuta blogu ikupe umaarufu ishia hapa tu usipoteze bando, ila kama we ni mchoraji au mpiga picha au mwandishi au mtu wa sauti, yani yeyote anayeishi kwa kazi ya ubunifu na anataka kuitwa kazini, vuta kiti, maana hao kumi na mmoja wameniletea hela kuliko mafolowa wote niliowahi kuwa nao.

Mi nachora. Majalada ya vitabu, vielelezo vya hadithi za watoto, mara mojamoja nembo (nembo sizipendi, tuliache hilo).

Ninachokitolea maoni hapa ni WordPress ile ya kujiwekea mwenyewe, na naomba tuelewane maana watu wengi wanachanganya. Kuna WordPress.com ambayo ni huduma ya kampuni ya Automattic, unafungua akaunti unaanza kuposti hapohapo, halafu kuna programu yenyewe ya WordPress ya kutengenezea blogu, ya bure, ipo tangu 2003, unaichukua unaiweka kwenye hostingi (nafasi unayokodi kwenye seva ya kampuni) unayoilipia mwenyewe. Ile ya kwanza ni kama kupanga chumba. Ya pili umejenga, ukitaka kuvunja ukuta unavunja, na choo kikiziba ni juu yako.

Mi nilichagua kujenga kwa sababu nilishachoka kuhama. Kila mtu anakwambia weka kazi zako kule watu walipo, sawa, ila wenye GeoCities walifungiwa 2009, wa Posterous 2013, wa Google+ 2019, na hizo zilikua sehemu zenye watu haswa, sio vibanda. WordPress ukiamua kuhama unaeksipoti maandishi yako yote yanatoka kwenye faili moja la XML, folda ya picha unaikopi, unaondoka. Nimeshahama hostingi mara mbili na wasomaji wangu (wale kumi na mmoja) hawakushtuka hata kidogo maana anwani ilibaki ileile.

Na hapo kwenye anwani ndo nina donda. Blogu yangu ya kwanza kabisa, kabla ya hii, alinitengenezea jamaa mmoja, sitamtaja, mtu mzuri tu, akasajili domeni (lile jina la anwani ya blogu) kwa jina lake na imeili yake eti kunirahisishia. Mi nikaona poa. Jamaa akabadilisha namba akapotea, muda wa domeni ukaisha, notisi zote zinaenda kwenye imeili yake, mi nipo nachora zangu sina habari. Nilichokuja kujifunza nimechelewa ni kwamba domeni ya .com ikiisha muda haipotei palepale, kuna kipindi cha kuvumiliwa ambacho kinaweza kufika siku 45 kutegemea na kampuni iliyokusajilia, baada ya hapo siku 30 za kuikomboa kwa faini, halafu siku 5 za mwisho na inarudi sokoni anaichukua yeyote. Yani nilikua na zaidi ya mwezi wa kujiokoa na sikujua. Nimekuja kugundua baada ya mhariri mmoja kunipigia anacheka, kaka mbona siku hizi unachezesha kamari? Anwani ileile, iko kwenye kadi zangu mia mbili nilizogawa kwa watu, inafungua ukurasa wa kamari. Kwa hiyo kabla hujawaza rangi wala themu (muundo wa muonekano wa blogu), hakikisha domeni imesajiliwa kwa jina lako na kwa imeili unayoifungua kila siku, hata kama anayekutengenezea ni mdogo wako wa tumbo moja.

Sasa kazi yenyewe. Kwa mtu wa picha WordPress iko vizuri ila ina tabia zake. Ukipandisha picha inakutengenezea nakala za saizi tofautitofauti yenyewe, na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 picha ya JPEG ambayo upande mmoja unazidi pikseli 2560 inapunguzwa na ndo hiyo ndogo inayoonekana kwa watu. Kwa majalada hiyo inatosha kabisa, lakini mtu anayechora vitu vyenye mistari myembamba kama nywele ataona kuna kitu kimepungua na hatajua ni nini, mi nilihangaika wiki nzima nalaumu skana. Siku hizi napunguza mwenyewe kabla sijapandisha. Kingine, usipandishe faili la CMYK (mfumo wa rangi za kuchapa) ulilotoka kumpelekea mtu wa kuchapa, rangi zitakuja za ajabu kwenye skrini, geuza iwe sRGB (rangi za skrini) kwanza. Ile editor ya mabloku (kila aya au picha ni kipande chake) iliyokuja na toleo la 5.0 mwishoni mwa 2018 niliichukia miezi mitatu, sasa hivi ukininyang'anya tutagombana.

Ila yote hayo ni ufundi tu. Swali ni je inaleta kazi? Inaleta, ila sio kwa njia niliyodhani, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Mwaka wa kwanza nilikua naposti kila Jumatatu kama mtu anayepiga kengele, nasubiri watu waje. Hawakuja. Kilichobadilisha mambo ni kutoka nje. Nilikua kwenye foleni ya maonyesho ya vitabu nikaongea na dada mmoja wa shirika la uchapishaji, dakika kumi hivi, tunalalamikia majalada ambayo kila moja lina mtu amegeuza mgongo. Kesho yake nikamtumia imeili ya mistari minne na linki moja. Sio linki ya ukurasa wa mbele, hapana, ya posti moja maalum ambayo nilionyesha jalada lililokataliwa, michoro ya penseli mitano, mteja alisema nini, na kwa nini nadhani alikua sahihi kukataa. Hakujibu. Nikasema basi, nimepita. Miezi minane baadaye napata imeili ya mtu nisiyemjua kabisa, mhariri wa sehemu nyingine, anasema nimetumiwa linki yako na fulani, ule mchoro wa tatu wenye mtumbwi una mwenyewe? Haukua na mwenyewe. Sasa una, na huyo mhariri amenipa majalada manne mengine.

Ukiangalia hapo, yule dada sio rafiki yangu, hatujawahi kuonana tena mpaka leo, na ndo hao wanaoleta kazi. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alitoa matokeo baada ya kuwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua kwamba huyo mtu walikua wanaonana mara ngapi, waliosema mara kwa mara walikua chini ya asilimia 17, wengine wote walipewa mchongo na mtu wanayemuona mara mojamoja tu au kwa nadra. Na 2022 watafiti wakarudia jambo hilo kwa kutumia LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, watu zaidi ya milioni 20 ndani ya miaka 5, wakakuta wanaosaidia zaidi ni wale wa katikati, unayemjua kiasi, sio mtu baki na sio swahiba. Sababu ni rahisi, swahiba wako anajua kazi zilezile unazozijua wewe.

Tatizo la huyo wa kujuana kidogo ni kwamba anakusahau. Atakumbuka kuna jamaa aliongea naye kwenye foleni, jina hakumbuki. Ila linki ipo kwenye imeili yake, akitafuta neno jalada inatokea, anaibonyeza na inafunguka na mchoro uko palepale, hata baada ya miezi minane. Posti ya Instagram ya miezi minane nani anaifukua? Halafu kule linki ukiweka kwenye maelezo ya picha haibonyezeki. Sisemi msitumie, mi nipo huko pia na ndiko nawafahamu wachoraji wenzangu wengi, nakomenti kazi za watu kwa maneno ya maana sio vimoto vitatu, wengine wameishia kunipa kazi walizozidiwa nazo. Lakini tukishaongea nawaleta kwenye blogu.

Kuna wenzangu watasema mbona mwandishi wa Marekani Andy Weir alikua anaweka sura za riwaya yake ya The Martian bure kwenye tovuti yake, wasomaji wakamwomba aiweke Kindle (vitabu vya kielektroniki vya Amazon), mwisho ikawa filamu 2015. Kweli. Ila kabla ya hapo alikua ameandika miaka kwenye hiyo tovuti na ana orodha ya imeili za watu wanaomsoma, alikua mwajiriwa wa kuandika programu na mshahara wake, hakua anasubiri blogu ilipe kodi.

Mabaya sasa, maana yapo. Apdeti haziishi, programu yenyewe, themu, plagini (vile viongezo vya kazi za ziada), kila moja kwa wakati wake, na plagini iliyotelekezwa na mwenyewe ndo mlango wanaoingilia wezi, kwa hiyo niko na plagini tano tu na sitaki kusikia ya sita. Komenti za takataka zinakuja kama kumbikumbi baada ya mvua, usipowasha Akismet, plagini ya kuchuja taka, au kitu kama hicho utafuta mpaka vidole viote sugu. Na fomu ya mawasiliano, jamani, ijaribu mwenyewe! Seva nyingi za hostingi ya kushea zinatuma imeili kwa namna ambayo Gmail inaziona ni taka au hazifiki kabisa, inabidi uweke SMTP, yani imeili zitumwe kupitia seva halisi ya barua. Mi kwa uzembe wangu sikujaribu, nilikaa kama miezi miwili najiuliza mbona kimya, kumbe watu walikua wanaandika. Siku hizi nimeweka imeili yangu waziwazi chini ya kila posti na fomu nimeitoa.

Na muda. Posti moja yenye michoro ya hatua kwa hatua inanila jioni mbili, ndo maana nimeacha habari za kila Jumatatu, naandika kazi ikiisha, mara nyingine hupita miezi miwili. Hakuna aliyelalamika.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya apdeti. Domeni nimeilipia miaka mitano mbele, jina langu, imeili yangu, na nimeweka kengele kwenye simu.