Kibbutz au moshav: maisha ndani ya boma la mbao
Kati ya 1936 na 1939, wakati wa uasi wa Waarabu Palestina, walowezi wa Kiyahudi walisimamisha maboma kwa siku moja: kuta za mbao zilizojazwa kokoto, na mnara wenye taa ya kumulika. Kati ya maboma hayo, Tel Amal ilikuwa kibbutz, yaani kijiji cha mali ya pamoja; Beit Yosef ilikuwa moshav, kijiji cha ushirika ambako kila familia ilijitegemea.

Kwa gharama, kibbutz ilikuwa nafuu: jiko moja, mfuko mmoja. Zamu za ulinzi wa usiku nazo ziligawanywa kirahisi, maana hakuna aliyekuwa na ng'ombe wake wa kukamua alfajiri. Lakini katika kibbutz nyingi watoto walilala mbali na wazazi. Kwangu hilo ni zito mno.

Moshav iliiachia kila familia meza yake, shamba lake, na hasara yake pia. Kijana kapera angefaidi kibbutz. Mwenye wana, moshav.