Bata Runner: Tazama Miguu Kabla ya Kutoa Pesa

Malalamiko ninayopokea kuhusu bata aina ya Indian Runner yanafanana mno. Mtu amenunua bata kwa bei ya kuumiza, kawafikisha nyumbani jioni, asubuhi anakuta mmoja au wawili wamekaa chini, hawataki kuinuka. Muuzaji akipigiwa simu anasema ni uchovu wa safari, wape glukosi. Wiki inapita, bata bado anajikokota kwa mabawa. Wengi huniomba dawa. Mimi naona tuzungumzie siku ya kununua, kwa sababu bata hao karibu wote walikuwa wameshaharibika kabla hawajaingia kwenye boksi.

Rangi na idadi ya mayai sitakaa nazo, kila muuzaji atakuimbia. Kwa ufupi tu: Runner aliyetunzwa hutaga kati ya mayai 150 na 200 kwa mwaka, wengine wakapita hapo. Haruki ua. Haatamii, au huatamia kwa nadra sana, kwa hiyo ukitaka vifaranga tafuta kuku anayelalia, bata Muscovy, au mashine, na uhesabu siku 28. Hayo yanatosha.

Jambo ambalo watu hawalitazami ni miguu.

Bata huyu asili yake ni visiwa vya Java, Bali na Lombok kule Indonesia, ambako wachungaji huwaswaga bata kutoka shamba moja la mpunga hadi jingine baada ya mavuno, wakiokota punje zilizopukutika, konokono na wadudu. Kazi hiyo ya kutembea ndiyo iliyompa umbo. Miguu yake imekaa nyuma zaidi ya mwili kuliko ya bata wengine, ndiyo maana husimama wima kama chupa, na ndiyo maana hukimbia mahali ambapo bata wengine huyumbayumba. Uzito wake wote, kilo moja na nusu hadi mbili na ushei, unabebwa na vifundo viwili vyembamba. Pekin, bata wa nyama, akichechemea utamnenepesha umchinje. Runner akichechemea huna kitu: hawezi kufuata konokono bustanini, anafika mwisho kwenye chakula, na dume hawezi kumpanda jike. Kule Stellenbosch, Afrika Kusini, wapo wenye mashamba ya mizabibu wanaowatoa Runner asubuhi waingie kati ya mistari wale konokono. Bata kilema hana nafasi kwenye kazi hiyo.

Miguu inaharibiwa na mambo mawili, na yote yako mikononi mwa muuzaji.

La kwanza ni jinsi ya kubeba. Kuku tumezoea kuwafunga miguu na kuwaning'iniza kichwa chini, na kuku huonekana kuvumilia. Bata hawezi. Ukimnyanyua kwa mguu mmoja naye akapapatika, kiungo kinateguka au mfupa unavunjika. Nimemwona muuzaji akimchomoa bata kwenye tenga kwa mguu huku akiongea na mteja mwingine, akamwachilia chini. Bata akainuka, akapiga hatua chache, na mguu wa kushoto ukawa unagusa ardhi kwa ncha za vidole tu, ule utando wa katikati haufunguki. Mteja alikuwa anasifia rangi ya manyoya. Bata hushikwa kwa kuzungushiwa mikono mwilini, mabawa yakiwa yamebanwa, na kiganja kimoja chini ya tumbo kikishikilia miguu. Muuzaji asiyejua hilo usinunue kwake hata bata mmoja.

La pili ni chakula. Kifaranga wa bata anahitaji niasini, yaani vitamini B3, takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula. Kifaranga wa kuku anatosheka na 35 au pungufu. Sasa wauzaji wetu wanawalea kwa chakula cha kuku, na chakula kikipanda bei wanamalizia na pumba na ugali. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa na mwili wa bata haupati faida yake. Matokeo yake ni miguu iliyopinda kwa nje na vifundo vilivyovimba, na bata akishakomaa hivyo hanyooki tena. Dagaa waliosagwa, njegere na hamira ya bia iliyokaushwa vingemwokoa akiwa mdogo. Muulize muuzaji amewalisha nini wiki tatu za kwanza, kisha nyamaza umsikilize. Akisema "chakula cha kawaida", umeshajibiwa.

Ukifika kwake, usikubali kuchagua bata aliye ndani ya tenga au kizimba. Kundi likibanana, wote wanaonekana wima. Omba afunguliwe kwenye ardhi tambarare, umswage polepole hatua kumi hivi, ukae nyuma yake. Miguu yote miwili iende mbele sawasawa, bila mmoja kuzunguka kwa nje. Mtazame pia anaposimama: Runner mzima husimama na kunyoosha shingo, mgonjwa hukaa haraka. Kisha mshike, geuza unyayo. Ukiona uvimbe wenye doa jeusi katikati, hicho ni kidonda cha ndani, si tope. Gusa vifundo vyote viwili kwa pamoja. Kimoja kikiwa cha moto kuliko chenzake, mrudishe.

Nikipanga njia za kununua, ninaanza na bata wa wiki nane hadi kumi na mbili. Umri huu mwendo unaonekana wazi, na sauti imeshajitenga: jike hupiga kelele kubwa, dume hukoroma kwa sauti ya chini. Huhitaji kuamini maneno ya mtu kuhusu jinsia. Chukua dume mmoja kwa majike wanne hadi sita.

Wa pili ni waliokwisha kuanza kutaga. Mayai utayapata mapema, lakini jiulize kwa nini anamuuza bata anayetaga, na umkague mara mbili.

Vifaranga wa siku moja nawaweka nafasi ya tatu, na ni kwa yule tu aliye tayari kusimamia chakula mwenyewe na kuwatandikia kitu kisichoteleza. Gazeti tupu huwafanya watanuke miguu.

Mayai ya kutotolesha sina mengi ya kusema. Ni ya bei rahisi, na ukipata mabovu huna wa kumdai.

Kwa aina nyingine, Khaki Campbell anataga kuliko Runner, na Runner ni mzazi wake: Adele Campbell wa Uley, Uingereza, alimpata mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuchanganya Runner, bata Rouen na bata mwitu. Mtu anayetaka mayai pekee akimchagua huyo, sitabishana naye. Lakini mwenye bustani ya sukumawiki inayoliwa na konokono, mimi nitamwambia Runner kila siku. Chotara wa bei nafuu wanaouzwa kwa jina la Runner ni bata wa kawaida wenye shingo ndefu kidogo. Wape jina lao na bei yao.

Na bei yenyewe imekuwa dhuluma. Mtu anachukua picha kwenye mtandao, bata wamesimama wima kama askari, anaitisha mara tatu au nne ya bei ya bata wa kienyeji, anataka nusu ya pesa itumwe kwa simu kabla hujaona chochote, halafu anawapakia kwenye matatu ndani ya boksi lisilo na tundu wala matandiko. Wakifika vilema, simu haishikwi. Anayeuza bata wa kukimbia kwa bei hiyo anadaiwa kukuonyesha anakimbia. Kama uko mbali, mwombe video ya bata huyo huyo akitembea, akipigwa picha kutoka nyuma, na mkubaliane kwa maandishi kwamba anayefika akichechemea pesa inarudi. Akikataa, kaa na pesa yako mpaka upate mfugaji aliye karibu unayeweza kumtembelea.