Uzoefu wangu na tangi bapa la bakteria wa zambarau kwa kusafisha majitaka nje

Tangi hili lina kuta mbili za plastiki angavu zilizoachana sentimita 5, na nalitumia nje, juani, kwa majitaka ya usindikaji wa vyakula. Linafanya kazi vizuri, lakini kinachoamua kila kitu ni filamu nyeusi inayofunika kuta. Usinunue tangi lisilo nayo.

Mwani hutumia mwanga wa nanomita 400 hadi 700. Bakteria wa zambarau huridhika na infraredi ya karibu, yaani mwanga usioonekana kwa macho wa nanomita 800 hadi 900, na filamu hupitisha huo tu. Ikichanika, mwani huota pale pale na kutoa oksijeni, na bakteria wakionja oksijeni huacha kutengeneza rangi ya kunasia mwanga. Utaona zambarau iliyokolea ikififia, kisha ukijani unajitokeza kandokando ya ufa. Ziba siku hiyo hiyo.

Kwenye ulishaji, uwiano wa COD (kipimo cha uchafu kwa oksijeni inayohitajika kuuoksidisha), naitrojeni na fosforasi uwe karibu 100:7:1. Naitrojeni ikizidi, amonia hubaki kwenye maji yanayotoka. Majitaka yachachushwe kwanza, kwani wanachokipenda zaidi ni asidi nyepesi kama ile ya siki. Mimi hulisha jua likishapanda na kutoa maji jioni. Chakula cha usiku huwanufaisha bakteria wengine wasiohitaji mwanga, hasa wale wanaogeuza salfeti kuwa gesi inayonuka mayai viza. Pampu izungushe maji bila kuingiza hewa.

Kero kubwa ni utando unaoganda ndani ya ukuta: ni mwembamba, lakini unameza mwanga wote na katikati panabaki giza. Usugue kwa sponji laini. Brashi ngumu hukwaruza plastiki. Jua likiwa kali joto hupanda kupita nyuzi 40, basi nyunyizia maji kuta za nje.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya uvunaji. Sehemu kubwa ya uchafu hugeuka miili ya bakteria badala ya kupotea kama kaboni dayoksaidi, na uzito mkavu una protini karibu asilimia 60, mali kwelikweli. Ila seli ni ndogo mno, hazitulii chini zenyewe, na tangi linauzwa bila chujio. Weka bajeti ya chujio la utando (ngozi nyembamba yenye vitundu vidogo mno) tangu mwanzo. Tope la bakteria uliowavuna ukilitaka kwa chakula cha samaki, lipimwe kwanza metali nzito na vimelea vya magonjwa.