Nilikwenda kucheka, nikakuta nimechorwa mimi: uzoefu wangu na Hyperbole and a Half

Kama hujawahi kuziona, katuni za Allie Brosh utadhani zimechorwa na mtoto wa chekechea aliyeachiwa kompyuta. Kuna binti mwenye macho makubwa yaliyomtoka, mikono ya njiti, gauni la pinki lisilo na umbo, na kichwani ana pembetatu ya njano ambayo wengi hudhani ni kofia. Ni nywele, amezifunga nyuma. Binti huyo ni mwandishi mwenyewe, Mmarekani aliyeanza kuweka visa vyake mtandaoni mwaka 2009, kwenye blogu aliyoiita Hyperbole and a Half. Si katuni za viboksi kama tulizozoea kwenye jarida la Sani enzi za Madenge na Lodi Lofa. Hapa unasoma aya mbili tatu za maelezo, inakuja picha, unasoma tena, inakuja picha nyingine inayoyaumbua yale maelezo. Kichekesho kimekaa hapo katikati: maneno yanajitetea, picha inamchoma.

Nyota tano kati ya tano. Nasema mapema ili mwenye haraka aende akasome, haya mengine atayakuta akirudi.

Mimi nilianzia kwenye vichekesho, na nakushauri uanzie huko huko. Kuna kisa cha keki: ana miaka minne, mama yake ameoka keki ya siku ya kuzaliwa ya babu, na mtoto amejiapiza kwamba ile keki lazima iingie tumboni mwake. Ikaingia. Yote. Kisa cha kuhama na mbwa wawili kutoka Montana kwenda Oregon, mmoja mzito wa kuelewa na mwenzake mwenye wasiwasi na dunia nzima, nilikisoma kwenye daladala nikalazimika kujifanya nakohoa. Halafu kuna kile cha karatasi ya nyuso, ile ambayo hospitali humwonyesha mgonjwa achague uso unaolingana na maumivu yake, kuanzia anayetabasamu mpaka anayelia. Brosh aliona nyuso zile hazimsaidii mtu anayeumwa kweli, akachora za kwake. Kwenye ngazi za juu kabisa mgonjwa anashambuliwa na dubu hapo hapo alipo. Mara ya kwanza nilicheka nikapita. Baada ya kusoma sehemu zake mbili za sonona, yaani depression, nilikirudia, nikaona swali lake lilikuwa lile lile tangu mwanzo: utamwelezaje daktari kitu ambacho karatasi yake haina uso wake?

Sehemu ya kwanza ya sonona ilitoka Oktoba 2011. Anaanza kwa kukiri kwamba wapo watu wenye sababu ya kuhuzunika, ila yeye hana. Aliamka tu siku moja akakuta ana huzuni. Hapo ndipo aliponikamata, maana kwetu sababu ndiyo kitu cha kwanza kuulizwa. Nani kafa? Umeachwa? Umefukuzwa kazi? Ukikosa jibu unatafutiwa: kuna mtu kakutupia kitu, au umeacha kuswali, au umezidi kushinda kwenye simu. Mimi nilikuwa na kazi, mshahara ulikuwa unaingia, hakuna aliyekufa. Nilijiona hata haki ya kuumwa sina.

Hali hiyo Brosh ameichora kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Binti yuko kitandani. Anatokea yeye mwenyewe wa pili, anamfokea yule wa kwanza aamke, anamtukana, anamuuliza ana nini hasa cha kumliza. Wanagombana wawili na wote ni yeye. Unacheka kwa sababu matusi yenyewe ni ya kitoto. Kisha unakumbuka kwamba ndiyo yale yale uliyokuwa unajiambia saa nane za usiku, wala hukuhitaji mtu wa kukusaidia kuyatunga.

Na mchoro haubadiliki. Waandishi wengi wakifika kwenye mambo mazito huvua kichekesho na kuvaa sauti ya msibani. Yeye amebaki na macho yale yale na mikono ile ile ya njiti. Kilichoongezeka ni sweta la kijivu lenye kofia, ambalo binti halivui tena. Mwishoni mwa sehemu hiyo hisia zimemkauka kiasi kwamba hajali watu wanamwonaje. Anapanda baiskeli na sweta lake, anakwenda duka la kukodi filamu, anajichukulia filamu za kutisha na pipi, anarudi nyumbani anajiona mshindi. Inachekesha kweli. Ila aliyewahi kufika hapo anajua kuwa huko si kupona, ni kituo kingine tu kwenye njia ile ile.

Baada ya hapo, kimya. Zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Akarudi Mei 2013 na sehemu ya pili, na kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja katika kazi zake zote, ningechagua hiki.

Anaanzia kwenye midoli. Utotoni alicheza nayo mchana kutwa na visa havikuisha. Akakua kidogo, siku moja akaishika tena na mchezo haukuja. Ilikuwa plastiki tu. Sonona, anasema, ilimfanyia hivyo kwa kila kitu. Watu wanaongea naye na inabidi akumbuke kuusogeza uso wake, atabasamu panapotakiwa kutabasamu, ainue nyusi panapotakiwa mshangao, na anachelewa. Kazi hiyo naijua. Kwenye harusi ya binamu yangu mashavu yalinichoka kuliko miguu, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa vinywaji.

Kisha wanakuja samaki. Hapa lazima nimlete mama mdogo, ninayekaa kwake, kwa sababu yeye ni muuza samaki. Mzigo anaufuata soko la samaki la Feri alfajiri na kurudi kuupara nyumbani. Alikuwa uani na beseni lake, nikamwonyesha picha kwenye simu na kumsomea kwa Kiswahili.

“Huyu dada samaki wake wamekufa, mama mdogo. Samaki wa kufuga. Anawaambia watu, jamani, samaki wangu wamekufa. Wao wanamjibu, usijali, tutakusaidia kuwatafuta.”

“Wamekufa leo? Si awakaange.”

“Wa kufuga, mama mdogo, si wa kula.”

“Haya. Sasa wanawatafuta wa nini, na yeye anajua wamekufa?”

“Ndiyo hivyo. Mwingine anamwambia asikate tamaa, watapatikana tu.”

Akapara samaki mzima bila kusema neno, akamsuuza, akamweka pembeni. “Basi huyo hataki kutafutiwa, mwanangu. Anataka mtu amwambie, kweli, wamekufa, pole. Halafu ndiyo waulizane kinachofuata.” Akaniangalia. “Na mimi nimo humo?”

“Umo. Wewe ndiye uliyesema watapatikana kwa maji ya dua.”

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. Tangu siku hiyo akitaka kujua hali yangu ananiuliza samaki wanaendeleaje, na mimi namjibu ukweli. Daktari niliyekuwa naye miezi ile hajawahi kuniuliza swali zuri kiasi hicho. Wa kwanza niliyemwona, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, aliniambia ninywe maji mengi na nipunguze mawazo. Nikamuuliza nayapunguza wapi. Akamwita mgonjwa mwingine.

Baada ya samaki sehemu ya pili inazama zaidi, na kama uko katika hali hiyo sasa hivi, isome ukiwa na mtu unayeweza kumwambia ukweli. Brosh anaandika wazi kwamba alifika mahali hakuona tena sababu ya kuishi. Hakuwa anapanga kujiua; alitamani tu awe amekufa, bila kupitia njia yoyote. Kisha anaeleza ugumu wa kuwaambia hivyo watu wanaokupenda. Unawaambia, wanashtuka, wanalia, na wewe usiye na hata chozi moja la kwako unajikuta ndiye unayebembeleza. Amelichora jambo hilo kama sarakasi ya aibu, binti akihangaika kusahihisha maneno yake na kila sahihisho likizidi kuharibu. Nilicheka na kusimama papo hapo. Sijui kama kuna njia nyingine ya kumfanya mtu asome aya hizo mpaka mwisho.

Kwetu hiyo sentensi watu wanaimeza. Mtaani utani wa kwanza kwa mtu anayeongea mambo yasiyoeleweka ni kwamba apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na Wakenya wana Mathari yao kwa kazi hiyo hiyo. Nani atajitokeza mwenyewe aseme? Sheria nayo haijasaidia. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu kosa. Kutamani kufa si jaribio, najua, lakini mwambie hivyo mtu aliyelala macho wazi anahesabu mabati. Mimi mwenyewe nilimwambia mama mdogo baada ya kumsomea samaki. Kabla ya hapo nisingejua pa kuanzia.

Sasa punje ya hindi. Hisia zilipoanza kumrudia Brosh, hazikuanza na furaha. Ilianza chuki ya kila kitu, yakafuata machozi yasiyo na mpangilio. Siku moja yuko sakafuni jikoni analia, macho yanaangukia chini ya friji, anaona punje moja ya hindi imekauka peke yake huko. Akaanza kucheka. Akacheka asiweze kuacha, na hata yeye hajui kwa nini. Baada ya hapo anapata kazi ya kuwaeleza watu kwamba kilichomrudisha ni hindi, na hakuna anayemwelewa, na kadiri anavyoeleza ndivyo anavyozidi kuonekana ameharibikiwa. Hakuna mahali anakwambia amepona. Anafika tu mahali pa kukiri kwamba huenda si kila kitu ni bure kabisa, na hiyo “huenda” imebeba mzigo mkubwa. Nimesoma shuhuda nyingi za watu waliopona, na karibu zote humalizia na jua linachomoza. Mtu aliyemalizia na punje chini ya friji ndiye niliyemwamini.

Mama mdogo hindi halijamchekesha mpaka leo. Alisema tu kwamba huyo dada hafagii chini ya friji.

Kasoro zipo. Kiingereza chake ni cha mtaani, chenye matusi ya kutosha, kwa hiyo usimpe mtoto ukidhani ni katuni za watoto. Mifano yake ni ya huko kwao. Duka la kukodi filamu atakayelielewa bila shida ni mtu wa umri wangu, aliyekodi kanda za video mtaani. Tovuti ni ya mtindo wa zamani, kisa kimoja kina picha nyingi zinazopangana kwenda chini, na bando linaliwa huku wewe unasubiri picha ifunguke ndipo ujue mwisho wa kichekesho. Fungua kisa ukiwa kwenye mtandao mzuri, kiache kifunguke chote, kisha kaa usome. Na usikae ukisubiri vipya kila wiki. Huyu mtu hupotea miaka.

Kitabu cha kwanza, chenye jina lile lile, kilitoka 2013, na sehemu zote mbili za sonona zimo pamoja na visa ambavyo mtandaoni havipo. Kama unahitaji shahidi tajiri, Bill Gates alikipendekeza mwaka 2015. Nilikisoma kwanza kwenye simu nikajuta, picha zinabanwa. Kipate cha karatasi ukiweza, kila kisa kina kurasa za rangi yake na ni raha kukifungua. Kitabu cha pili, Solutions and Other Problems, kilichelewa mpaka 2020, na ukikisoma utaelewa kwa nini: kati ya hapo alifiwa na mdogo wake wa kike na ndoa yake ikavunjika. Ni kikubwa zaidi, kina vichekesho vya ajabu zaidi, na kuna mahali kinajikokota, hasa kwenye visa vya utotoni ambavyo vingekatwa nusu bila mtu kulalamika. Hata hivyo kurasa za kifo cha mdogo wake, ambako maneno yanapungua, sijawahi kuzisoma mara moja bila kuweka kitabu chini kwanza.

Anza na keki, uje kwa mbwa, uje kwenye karatasi ya nyuso, ndipo uzisome hizo mbili kwa kufuatana, bila kulala katikati, kwa sababu ya kwanza ikisomwa peke yake inakudanganya kuwa mambo yamekwisha. Nakala yangu ya kitabu cha kwanza siwezi kuazimisha kwa sasa. Iko kwa binamu yule wa harusi, alisema anaisoma mara moja tu arudishe, na kila nikimpigia ananiambia mkewe ndiye anayo.