Spana ya toku na kebini ya Hilux yangu: miezi minane ya matumizi

Spana hii ya toku, yaani inayokujulisha bolti ikifika nguvu ya kukaza uliyoiweka, ningekuwa nayo miaka mitatu iliyopita, sakafu ya kebini ya gari langu isingekatwa. Ndiyo sababu naandika, na naandika kwa urefu kidogo, maana nilipokuwa naitafuta sikumpata mtu wa kunieleza imemfaa kwa kazi gani hasa.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani ya milango minne. Inateremsha kabichi, karoti na viazi kutoka upande wa Mtae na Mlalo mpaka Lushoto mjini, siku nyingine mpaka Mombo. Aliyewahi kupita huko juu wakati wa masika anajua mashimo yake. Gari la namna hii kebini yake haikuchomelewa kwenye chesisi. Imekalia raba, na kila raba inapitiwa katikati na bolti ndefu inayokwenda kushika nati iliyochomelewa upande wa kebini. Bodi la mizigo nalo lina bolti zake. Kwa hiyo kila shimo unalopiga, kebini na bodi vinajaribu kuachana na chesisi, na kinachovizuia ni hizo bolti tu.

Yangu ilianza kugonga chini ya miguu ya abiria. Nikaipeleka gereji. Fundi akaingia uvunguni, akachomeka bomba la maji la karibu mita moja kwenye mpini wa spana, akavuta kwa nguvu zake zote mpaka bolti ikalia. Nilifurahi, kelele iliisha. Baada ya wiki tatu ikarudi, naye akakaza tena vilevile. Mara ya tatu bolti ilikatika, na nati ya juu ikang'oka pale ilipochomelewa, ikawa inazunguka pamoja na kipande kilichobaki. Kuifikia tulitoa viti, tukang'oa zulia, tukakata bati la sakafu. Siku mbili gari halikufanya kazi, na mzigo wa karoti za watu ukabebwa na gari jingine.

Wakati ule niliamini kwamba shida yangu ni bolti kulegea. Kumbe zilikuwa zimekazwa kupita kiasi.

Fanya hesabu. Mtu akivuta kwa nguvu ya kilo 40 kwenye bomba la mita moja, nguvu ya kukaza (ndiyo toku, na kipimo chake ni nyutoni mita) inayofika kwenye bolti ni karibu nyutoni mita 390. Bolti kavu ya M10, yaani ya unene wa milimita 10, yenye alama ya ugumu ya 8.8 kichwani, majedwali mengi ya kawaida huipa takriban nyutoni mita 50. Hapo bolti haikazwi tena, inavutwa kama kamba. Bolti ni springi ngumu: unapoikaza inarefuka kidogo sana, na kule kutaka kurudi kwenye urefu wake ndiko kunakobana vitu viwili pamoja. Ikivutwa kupita mpaka wake hairudi. Inabaki ndefu, imelegea, na mtu anayeiona imelegea anaikaza tena.

Ndani ya raba ya kebini kuna bushi, kipande kifupi cha bomba la chuma. Kazi yake ni kuiachia raba ibonyee kiasi maalumu, kisha bolti ikutane na chuma. Ukilazimisha, bushi inajikunja, raba inasagika, na kebini inakaa chini upande mmoja. Nilipotoa raba zangu, mbili zilikuwa zimetoka pembeni kama chapati iliyokanyagwa. Mlango wa nyuma ulikuwa umeanza kusugua nguzo, na mimi nilikuwa nalaumu bawaba.

Spana nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 95,000. Ni ile ya kubonyea, inayopiga "ka!" ikifika kiwango ulichoweka, kichwa chake cha nusu inchi, kuanzia nyutoni mita 28 hadi 210. Jina lililoandikwa juu yake halina maana kubwa, kwa kuwa dukani niliona tatu zinazofanana kila kitu isipokuwa rangi ya boksi na jina. Ndani ya boksi kulikuwa na kiunganishi cha kurefusha, kipunguzi cha kwenda soketi ndogo, na karatasi ya maelezo ambayo haikunisaidia sana.

Kuisoma kunahitaji utulivu mara ya kwanza. Mpini una mistari mikubwa inayoruka kwa 14: 28, 42, 56, 70, 84, 98 na kuendelea. Shingo ya mpini unayoizungusha ina namba ndogo kutoka 0 hadi 12. Ukitaka 90, unapeleka mpini kwenye 84, kisha unazungusha mpaka 6. Unafunga kitasa cha nyuma ili isisogee. Namba zimechongwa kwa kina kidogo mno, na baada ya mwezi mmoja wa mafuta na udongo mwekundu sikuzisoma vizuri. Nilijazia rangi nyeupe nikafuta juu, na tangu hapo naziona hata jioni.

Sikuiamini mpaka nilipoipima. Kitu cha bei hii hakikuja na cheti chochote. Kiwango cha kimataifa cha spana za toku, ISO 6789, kinaruhusu spana nyingi za aina hii kupotea kwa asilimia 4 juu au chini, lakini kuandika kwenye boksi ni kazi rahisi. Nilichukua dumu la lita 20, nikalijaza maji, nikalipeleka kwenye mizani ya karoti: kilo 21. Kwenye jiliwa nikabana bolti kubwa, nikavisha soketi na spana, mpini ukiwa umelala sawasawa kama pima maji. Nikapima sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya mshikio, nikafunga kamba hapo. Kilo 21 mara 9.81 mara 0.40 ni nyutoni mita 82.4. Spana yenyewe ina kilo moja na nusu, na uzito wake nao unavuta, karibu 3. Jumla 85 na kidogo.

Niliweka 84, nikaliachia dumu taratibu: ka! Nikaweka 88, dumu likaning'inia kimya. Nikaweka 86, ikagoma mpaka nilipoligusa dumu kwa kidole. Nilirudia mara tano, majibu yaleyale. Hapo ndipo niliiamini, na nashauri kila anayenunua ya bei nafuu aipime hivi kabla ya kuikaribisha kwenye gari lake. Inagharimu dumu la maji na nusu saa.

Fundi wangu wa sasa namwita Mjomba, ingawa hatuna undugu wa damu. Ni mtu mzima, amelelea vijana wengi wa ufundi hapa Lushoto, na kazi yake naiheshimu. Nilipompelekea spana aliishika, akaizungusha, akasema, "Mwanangu, mkono wangu ndio spana ya toku." Nilimwomba tufanye jaribio, naye akakubali bila kinyongo. Alikaza bolti nne za aina moja kwenye kipande cha chuma, zote kwa mkono wake, zote akisema zimefika sawa. Kisha tukapandisha spana kidogo kidogo mpaka kila bolti isogee. Moja ilisogea kwenye 42. Nyingine haikutikisika hata kwenye 98. Alizikaza zote mtu mmoja, dakika ileile, jua lilelile. Mjomba alinyamaza, akaivuta ile ya 98 akaikagua nyuzi zake, halafu akasema, "Basi tuzitoe za kebini zote." Hiyo ndiyo siku kazi yangu ilipoanza.

Tulizitoa zote. Tulizokuta ni mchanganyiko: chache za kiwandani, nyingine za dukani zisizo na alama yoyote kichwani, mbili zenye 4.8. Namba ya kwanza ya alama hiyo ikizidishwa kwa 100 ndiyo nguvu ya kuikata, kwa megapaskali, na ya pili inaonyesha ni sehemu ngapi kati ya 10 za nguvu hiyo ambazo bolti inavumilia kabla ya kuharibika umbo. Kwa hiyo 8.8 inavumilia 640, na 4.8 inavumilia 320, nusu yake. Ukikaza 4.8 kwa namba ya 8.8 umeiua siku hiyohiyo, hata kama spana imelia vizuri. Nilinunua mpya zote, na raba mpya.

Kuna jambo moja nililazimika kumwomba Mjomba aliache: grisi kwenye nyuzi. Ni desturi ya mafundi wengi na nia yake ni njema, bolti isishike kutu. Lakini sehemu kubwa ya nguvu unayoitia kwenye spana, karibu sehemu 9 kati ya 10, inaishia kwenye msuguano wa chini ya kichwa na wa nyuzi. Inayobaki ndiyo inayovuta bolti. Ukipaka grisi msuguano unapungua, na toku ileile inavuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa. Kama kitabu cha gari hakisemi upake, nyuzi ziwe safi na kavu. Tulizipiga brashi ya waya, tukazifuta kwa kitambaa.

Bolti zote ziliingizwa kwa vidole kwanza. Hakuna iliyokazwa kabla nyingine hazijaanza, maana kebini lazima ijitafutie mahali pake. Gari likiwa pa tambarare tukakaza zote nusu ya kiwango, tukazunguka tena kwa kiwango kamili, tukivuta taratibu na kuacha mara spana ilipolia. Kulia mara moja kunatosha. Vijana wanapenda kuirudia mara mbili tatu ili wasikie tena, na kila mara wanaongeza kidogo. Namba zenyewe sizitaji hapa kwa makusudi. Hilux zimebadilika sana miaka yote hii, na namba ya gari langu inaweza kuharibu lako. Tafuta kitabu cha gari lako, mwaka wako.

Mwisho nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikapiga mstari mmoja kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye chuma kilicho jirani. Bolti ikijizungusha hata kidogo, mstari unavunjika na unauona bila kugusa kitu.

Kasoro zake zipo. Kubwa ni kwamba inaanzia 28, na bolti nyingi ndogo za bodi, kama za madigadi na za boneti zile za M6, zinataka chini ya hapo, mara nyingi 10 hivi. Nilijaribu kukisia, nikakata moja ya digadi la kulia. Kwa hizo unahitaji spana ya pili, ndogo, ya robo inchi au ya tatu kwa nane. Kama pesa ni ya moja tu, hii ya nusu inchi ndiyo ya kuanza nayo kwa sababu inakaza pia nati za matairi. Jirani yangu ana Corolla, na nati zake zinataka 103. Tulipozilegeza mara ya kwanza, kwa wili spana ya kawaida na si kwa hii, kijana alilazimika kuisimamia kwa miguu miwili.

Kasoro nyingine ni sauti. Kwenye viwango vya chini mlio ni mdogo, na jenereta ikiwa inanguruma husikii kitu. Inabidi uusikie kwa kiganja. Mpini nao unateleza ukishika mafuta. Boksi la plastiki lilivunjika bawaba mwezi wa pili, naihifadhi kwenye kipande cha turubai.

Matunzo yake si mengi, ila hayana msamaha. Ukimaliza irudishe kwenye 28, springi ipumzike, lakini usiishushe chini ya hapo. Usifungulie nayo bolti iliyoganda. Usiivishe bomba, maana mshikio umewekwa pale ulipo ili urefu uwe uleule kila mara. Ikidondoka kwenye saruji, ipime tena kwa dumu kabla ya kuiamini. Mimi naipima kila baada ya miezi mitatu, na mpaka sasa haijahama.

Baada ya wiki ya kwanza nilipita na spana kwenye kiwango kilekile. Bolti mbili za kebini zilizunguka kidogo kabla ya kulia, jambo la kawaida raba mpya zinapojikalia. Nilizirudisha kwenye kiwango, nikafuta mstari na kupiga mwingine. Tangu hapo hakuna iliyosogea. Mlango wa nyuma hausugui tena nguzo, na kwa mara ya kwanza tangu nilinunue gari hili naweza kusikiliza redio nikishuka kutoka Mlalo.

Jana jioni nilirudi na magunia ya viazi, mvua imenyesha, barabara imekatika vipande viwili. Leo asubuhi nimeingia uvunguni na tochi. Mistari yote ya rangi ya kucha imenyooka.